Trafiki anapima pombe. Piriton nani anaipima?

#1 Suka wa Masafa
Wakuu salama. Mimi ni suka wa semi, Dar–Tunduma. Wiki iliyopita tunarudi Dar, mizani ya Vigwaza foleni imekaa, tukaanza ubishi ambao haujaisha mpaka leo.

Kuna jamaa yetu alikuwa na mafua, pua imeziba, macho mekundu. Kapita duka la dawa Chalinze, kakatiwa vidonge vya Piriton, kameza viwili kwa mpigo. Mbele kidogo afande akampulizisha kile kifaa. Sifuri. Akapungiwa mkono apite, tena akaambiwa "safari njema dereva". Tulipofika mizani jamaa akalalia usukani, gari za mbele zinasogea yeye hana habari, wa nyuma wanapiga honi mpaka tingo wake akamtikisa bega.

Hoja yangu: yule kwa hali ile alikuwa hatari kuliko mtu wa bia mbili, na hakuna kifaa barabara nzima cha kumkamata. Nasema dawa za mafua zinaua barabarani kuliko tunavyohesabu. Anayebisha aje na hoja, siyo matusi.

#2 Mtazamaji
Nimekaa paleee 🪑

#3 Kijiwe Mbagala
Mkuu sisi kijiweni Piriton ndiyo dawa ya kulala. Mtu akikosa usingizi anameza mbili, asubuhi yuko barabarani na abiria wawili mgongoni. Lakini kusema inaua, hapana. Kinachoua ni hesabu. Bosi mwenye pikipiki anataka hesabu yake, pesa ya siku, jioni, wewe utalala saa ngapi? Ukimtoa bosi na hesabu yake, hizo Piriton nakuruhusu unywe kopo zima.

#4 Bi Vidonge
Kijiwe Mbagala, asinywe mtu kopo zima tafadhali, watakuja kunikamata mimi.

Nauza dawa, nina duka la dawa muhimu, kwa hiyo niseme la upande wangu. Piriton ni klorofeniramini. Ni ya kizazi cha kwanza cha dawa za mzio, zile zinazopenya mpaka kwenye ubongo. Usingizi unaokuja ni kazi yake yenyewe kule kichwani, si madhara ya bahati mbaya. Kidonge ni miligramu 4, na mwili wa mtu mzima unahitaji karibu siku nzima kuipunguza nusu. Ukimeza saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi unashika usukani bado unayo nyingi tu mwilini. Wengi wanadhani wakiamka imeshatoka.

Na msiitazame Piriton peke yake. Vidonge vingi vya mafua vya mchanganyiko vinayo ndani, vimeandikwa kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Dawa za kikohozi za maji ndiyo usiseme, nyingine zina difenhidramini, nyingine promethazini. Mtu anakunywa ya kikohozi, anameza ya mafua, juu yake Piriton kwa sababu pua inawasha. Ni dawa ileile au ndugu yake mara tatu.

#5 Profesa wa Mtaa
Hili lilishafanyiwa utafiti Marekani. Waliwapa watu Piriton wakawaweka kwenye gari la kuigiza, wakaendesha vibaya kuliko walevi. Uzi ufungwe.

#6 Kokotoa
Profesa punguza mwendo. Utafiti upo, ila haikuwa Piriton. Ni Chuo Kikuu cha Iowa, ulichapishwa mwaka 2000. Watu 40 wenye mzio, kila mmoja akapitishwa kwenye vitu vinne kwa siku tofauti: difenhidramini miligramu 50, feksofenadini (dawa ya mzio ya kizazi kipya) miligramu 60, pombe ya kufikisha asilimia 0.1 hivi kwenye damu, na kidonge kisicho na kitu. Wakaendesha kwenye mashine ya kuigiza gari.

Waliokuwa kwenye difenhidramini walishindwa kufuata gari la mbele vizuri kuliko hata walipokuwa kwenye pombe. Feksofenadini haikutofautiana na kidonge kitupu. Difenhidramini na Piriton ni ukoo mmoja, lakini usiseme ni kitu kimoja.

Na Profesa ameacha sehemu ambayo mimi naona ndiyo nzito: waliulizwa wanasikia usingizi kiasi gani, na majibu yao hayakutabiri vizuri nani ataendesha vibaya. Dereva anayekwambia "mimi dawa hii hainishiki" anaamini anachosema, lakini hajui.

#7 Profesa wa Mtaa
Ukoo mmoja, basi nilikuwa karibu. Mnapenda kunionea.

#8 Afande Mstaafu
Nimekaa usalama barabarani miaka mingi, sasa nafuga kuku. Nimjibu mleta uzi kwa heshima.

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haikusahau dawa. Inazungumzia kuendesha ukiwa umelewa kileo au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Tatizo liko kwenye ushahidi. Pombe ina namba, miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, unapuliza, namba inatoka, hakimu anaelewa. Piriton namba yake ni ngapi? Nikimpeleka mtu mahakamani nikasema "mheshimiwa, macho yake yalikuwa mazito", wakili wake ananicheka. Kwa hiyo afande anashika anachoweza kupima: pombe kwa kifaa, mwendo kwa tochi. Vingine tunaandika "uzembe wa dereva" na kufunga jalada. Ndani ya hilo neno uzembe, wanangu, kuna mambo mengi sana yamezikwa.

#9 Kijiwe Mbagala
Afande leo kasema kweli. Na "mwendokasi" je? Kila ajali mwendokasi.

#10 Afande Mstaafu
Mwendokasi ni kweli mara nyingi, kijana. Usijitetee kwa Piriton.

#11 Mbeba Boksi Birmingham
Niko Uingereza, naendesha basi la mjini. Huku wamepiga marufuku dawa zote kwa dereva tangu 2015. Ukikutwa nayo kwenye mate umekwisha.

#12 Dada Mkunga Leicester
Kaka wa Birmingham, usiwatishe watu nyumbani. Siyo dawa zote. Sheria ya Machi 2015 iliweka viwango vya damu kwa orodha maalumu: bangi, kokeini na wenzake, pamoja na dawa za hospitali kama diazepamu, mofini na methadoni. Kile kipimo cha mate pembeni mwa barabara kinashika bangi na kokeini, hizo nyingine mpaka damu. Na dawa ya hospitali una utetezi: ukionyesha umeandikiwa, umemeza kama ulivyoelekezwa na hukuwa umelegea, huna kosa. Piriton haipo kwenye orodha kabisa. Ila ukiyumba barabarani kwa sababu yake, sheria ya zamani ya kuendesha ukiwa huwezi inakukuta palepale.

#13 Mbeba Boksi Birmingham
Sawa dada. Kwenye kampuni yetu ukimeza chochote unampigia msimamizi kwanza, ndiyo maana nikajua ni vyote.

#14 Dere wa Salgaa
Niaje watu wa Bongo. Mimi ni dere wa trela, Mombasa–Malaba. Nyinyi mnaogopa dawa ya kulaza, sisi huku shida ni ya kuamsha. Madere wanatafuna miraa na muguka usiku mzima, wanashushia soda, saa kumi alfajiri ile stimu inakatika mara moja na trela iko kwenye mteremko wa Salgaa. Hapo ndipo nilitoa jina. Ukishuka ule mlima saa hizo utaona malori yanateremka kama ng'ombe wanakimbilia maji. Alcoblow, kile kifaa cha kupuliza cha polisi wa huku, haishiki miraa pia.

#15 Suka wa Masafa
Dere karibu. Huku kwetu mirungi, hiyo miraa yenu, ni haramu kisheria, ukikamatwa nayo unalala ndani. Lakini njiani haikosekani, tusidanganyane. Halafu kuna wanaomeza Piriton ili walale baada ya mirungi. Kwa hiyo mtu yuleyule ana ya kuamsha na ya kulaza damuni.

#16 Mtazamaji
Huyo siyo dereva, ni duka la dawa lenye matairi.

#17 Kokotoa
Sasa mniruhusu niwe mchawi wa uzi. Hatujui kama ni dawa au ni ugonjwa. Mtu mwenye mafua makali hata bila kidonge macho yanatoa machozi, kichwa kizito, hajalala jana, mwitikio wake umepungua. Akipata ajali tukakuta Piriton mfukoni tunasema Piriton. Mwenye maumivu ya mgongo aliyemeza tramadoli, je ni tramadoli au ni mgongo unaomzuia kugeuka kuangalia kioo?

Wafaransa walijaribu kuutatua mkanganyiko huu kwa kuunganisha kumbukumbu tatu: za polisi, za bima ya afya na za ajali zenye majeruhi. Madereva zaidi ya 72,000, kuanzia 2005 mpaka 2008, wakatoa ripoti 2010. Dawa walizokuwa wameshazipa daraja la hatari la pili na la tatu zilihusiana na kuwa chanzo cha ajali. Lakini sehemu ya ajali zilizoweza kuhesabiwa kwa dawa hizo ilikuwa asilimia 3 na kidogo. Tatu. Siyo thelathini. Suka, ukisema "zinaua kuliko tunavyohesabu" nakubali kwa sababu sisi hatuhesabu chochote. Ukisema ndiyo chanzo kikubwa, hapo tunaachana.

#18 Bi Vidonge
Kokotoa, hiyo tatu ni ya Ufaransa, na umepita haraka kwenye kitu cha maana. Kule kila boksi la dawa ya namna hiyo lina alama ya gari ndani ya pembetatu, njano, chungwa au nyekundu. Njano uwe mwangalifu, chungwa muulize mtaalamu kwanza, nyekundu usiendeshe. Mteja anaona rangi hata kama hajui kusoma.

Njoo dukani kwangu. Vidonge vinakuja kwenye boksi kubwa lenye karatasi moja ya maelezo. Mteja ana shilingi mia tano, hataki boksi. Nachukua mkasi nakata vidonge sita, mara nyingine nakata katikati ya jina lenyewe la dawa, natia kwenye kibahasha, juu naandika kwa peni "1x3". Basi. Karatasi ya maelezo inabaki kwenye boksi, boksi likiisha naenda kuwashia mkaa. Onyo la "usiendeshe gari" limeandikwa, tena kwa lugha tatu, na halijawahi kutoka nje ya mlango wangu. Mfaransa aliyepata ajali alikuwa ameonywa. Wa Chalinze hakuonywa na mtu. Kwa nini tuchukue asilimia yao tuivae sisi?

#19 Kokotoa
Hapo umenikamata vizuri. Ila mantiki yako inaweza kwenda upande wowote. Huenda wetu ni zaidi, huenda uchovu na barabara vimeifunika isionekane kabisa.

#20 Kijiwe Mbagala
Bi Vidonge swali moja. Ukinikatia vile vidonge, uliwahi kuniuliza kama naendesha? Maana navaa rifleksa mpaka dukani, ufunguo wa pikipiki mkononi.

#21 Bi Vidonge
Wewe huwa unaniuliza "dada ya mafua kali zaidi ipo?" na foleni nyuma yako watu saba. Lakini swali lako ni la haki. Tuliofundishwa mafunzo ya DLDM, haya maduka ya dawa muhimu, tulifundishwa kumuuliza mgonjwa. Kuuliza kazi yake, sikumbuki mwenzangu yeyote anayefanya hivyo.

#22 Nesi wa Bugando Road
Kama mnazungumzia dawa na barabara mmekwama kwenye mafua tu. Mimi wodini naona mengine.

Mseto wa malaria. Kila dereva wa Tanzania amewahi kuumeza: vidonge vinne, mara sita, ndani ya siku tatu, na chakula chenye mafuta. Maelezo yake yanasema unaweza kupata kizunguzungu na uchovu, na ikitokea usiendeshe. Nani ameambiwa? Dereva anameza dozi ya kwanza na kupanda gari kwa sababu homa imeshuka.

Sukari. Mtu yuko kwenye insulini au glibenklamidi, kaondoka alfajiri bila kula, sukari inashuka akiwa mwendo wa themanini. Anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo, watu wanasema kalewa. Dada wa Leicester anisahihishe, huko wanaotumia insulini wanaambiwa wapime sukari kabla ya kuendesha na isiwe chini ya 5 (milimoli kwa lita).

Amitriptilini anayopewa mtu wa maumivu ya neva. Diazepamu. Halafu wazee wa presha wanaoongezewa dozi wakasimama ghafla kizunguzungu.

Lakini nawaomba sana: asije mtu akasoma uzi huu akaacha dawa ya kifafa kwa sababu inaleta usingizi. Kifafa kikikushika kwenye usukani ni kibaya kuliko dawa yoyote tuliyotaja hapa. Rudi kliniki, dozi inabadilishwa, muda unabadilishwa. Usijiachishe.

#23 Dada Mkunga Leicester
Sahihi nesi. Wana msemo wao kabisa, tano ndipo uendeshe. Unapima ndani ya saa mbili kabla ya kuanza, na kila saa mbili ukiwa safarini.

#24 Dere wa Salgaa
Na zile ARV za zamani? Mjomba alikuwa dereva wa matatu, alikuwa anaota ndoto za ajabu, asubuhi yuko na kizunguzungu.

#25 Nesi wa Bugando Road
Hiyo ilikuwa efavirenzi, ndiyo maana tulisema imezwe usiku. Siku hizi wengi wako kwenye mchanganyiko wenye dolutegraviri, hapa kwetu mabadiliko yalianza 2019. Hii mpya wengine inawanyima usingizi badala ya kuwapa. Kila moja na vituko vyake.

#26 Mama Ntilie HQ
Samahani naingia bila hodi. Ina maana kidonge hichohicho kinamshika mwanamke tofauti na mwanaume? Mume wangu anameza anaendesha, mimi nikimeza kimoja nalala na sufuria jikoni.

#27 Dada Mkunga Leicester
Inawezekana mama. Mfano mzuri ni zolpidemu, kidonge cha usingizi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dozi ya wanawake ishushwe kutoka miligramu 10 mpaka 5, kwa sababu asubuhi damu zao zilikuwa bado na kiasi cha kuharibu uendeshaji. Dawa ilikuwa imeshauzwa miaka mingi.

#28 Profesa wa Mtaa
Kwa taarifa yenu ajali zinaua watu milioni 1.35 kila mwaka duniani. Shirika la Afya Duniani.

#29 Kokotoa
Hiyo ni ripoti ya 2018, Profesa. Ya 2023 inasema milioni 1.19, na bado ndiyo muuaji wa kwanza wa wenye miaka 5 hadi 29. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi viko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu.

#30 Profesa wa Mtaa
Kokotoa wewe huna mke?

#31 Tingo Mstaarabu
Mimi ni tingo, nakaa kiti cha kushoto, naona kila kitu. Dawa mnazisingizia. Suka wangu akitoka Tunduma hajalala, akifika Mikumi anaongea peke yake ili asisinzie. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena 2023, kwenye karatasi madereva wawili, lakini yule wa pili analala wapi, kwenye kile kishimo cha mizigo? Mpe dereva kitanda kwanza ndipo umuulize kuhusu Piriton.

#32 Kokotoa
Tingo ana hoja na takwimu zipo. Watafiti wa Australia mwaka 1997 walionyesha kukaa macho saa 17 kunakushusha uwezo sawa na pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na ukikesha saa 24 inafika 0.1. Sasa weka kidonge juu ya hapo. Ndiyo maana nasema hatuwezi kutenganisha.

#33 Suka wa Masafa
Ukisema hatuwezi kutenganisha mnampa nafuu tajiri, mwenye gari. Uchovu ni wa tajiri, dawa ni ya dereva, mafua ni ya Mungu. Mwisho wa siku kwenye jalada ni "uzembe wa dereva".

#34 Afande Mstaafu
Jibu mojawapo ni damu. Majeruhi na marehemu wote wa ajali wapimwe dawa kwa Mkemia Mkuu, siyo pombe tu. Siyo kwa kumfunga mtu, kwa kujua. Bila hivyo uzi huu mtaurudia.

#35 Kijiwe Mbagala
Afande nani atalipia? PF3 tu, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, tunaipata kwa tabu.

#36 Nesi wa Bugando Road
Na ukiwaambia majeruhi unawapima dawa ili ujue, ukifika wodini hakuna atakayekwambia alimeza nini. Sasa hivi angalau wengine wanasema.

#37 Mtazamaji
Kijiwe Mbagala, kabla hujamuuliza afande kuhusu PF3, elementi (kofia ngumu) ya abiria wako iko wapi?

#38 Kijiwe Mbagala
Ipo, ninayo.

#39 Mtazamaji
Imening'inia kwenye mkono wa pikipiki imebeba nyanya, nimeiona kwa macho yangu.

#40 Nesi wa Bugando Road
😂 Iondoe nyanya. Uchambuzi wa tafiti za elementi ulikuta inapunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa 69. Hakuna kidonge nachokijua chenye matokeo hayo.

#41 Kijiwe Mbagala
Abiria wa kike hawataki, inaharibu nywele, halafu inanuka vichwa vya wenzao. Nimeshabembeleza mpaka nimekosa wateja.

#42 Mama Ntilie HQ
Inanuka kweli jamani, tusimlaumu.

#43 Suka wa Masafa
Turudi kwenye uzi. Bi Vidonge, tuache wanasiasa na wataalamu. Nina mafua, kesho saa tisa usiku naondoka na mzigo. Nimeze nini?

#44 Bi Vidonge
Kama pua tu imeziba, anza na maji ya chumvi ya kusafishia, na paresetamoli ya peke yake kwa kichwa, siyo ile ya mchanganyiko. Kama ni mzio, ulizia loratadini au feksofenadini, hizo usingizi wake ni mdogo sana. Setirizini usingizi wake ni mdogo kuliko wa Piriton lakini baadhi ya watu inawalaza, kwa hiyo mara ya kwanza imezwe siku ya kupumzika nyumbani ujione. Na mwambie anayekuuzia kwamba wewe ni dereva kabla hajashika mkasi.

#45 Suka wa Masafa
Feksofenadini nimeulizia hapa Ubungo maduka mawili, hawana. La tatu wanayo, bei yake ni chakula changu cha njia nzima. Piriton ya mia mbili ipo kila mahali.

#46 Tingo Mstaarabu
Si ulisema mwenyewe ni tajiri? Mtumie risiti.

#47 Suka wa Masafa
Nimemtumia. Amejibu "pole, kunywa tangawizi, mzigo unasubiriwa".